Breki zisizooana kwenye lori kuukuu: kutoka dalili hadi spea yenye kosa

Lori kuukuu lililopita mikono kadhaa hapa Nairobi huwa halina tena breki za kiwanda kimoja. Masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, ilitoka Kirinyaga Road, shuu za nyuma (vile vyuma vya upinde vinavyobana dramu kutoka ndani) zilivishwa Kariobangi lainingi mpya, yaani tabaka la kusugua, silinda ya gurudumu la kushoto, inayosukuma shuu hizo, ilitolewa kwenye lori lililochinjwa Gikomba, na ya kulia huenda ndiyo pekee iliyokuja nalo kutoka Japani. Kila mwenye lori alibadilisha kilichoharibika siku hiyo kwa pesa za siku hiyo. Spea ikaingia, boliti zikakaza, lori likarudi kazini.

Taabu ni kwamba maelezo mengi ya kurekebisha breki huchukulia kuwa kila kilichomo ni cha gari hilo, ila kimechakaa. Ukiyafuata kwenye lori la namna hii utatupa kizima na kuacha kigeni. Mimi huanza na swali jingine: je, kushoto na kulia kwa ekseli moja ni sawa? Kuchakaa kutaangaliwa baadaye. Nazungumzia hasa malori ya tani tatu hadi nne yenye breki za mafuta, kama vile Canter, Elf za NKR na NPR, na Dyna. Ya breki za hewa nitayagusa kidogo tu.

Fungua pande zote mbili kabla ya kununua chochote

Usalama kwanza, maana hapa watu huumia. Kwenye malori mengi ya aina hii handibreki haishiki magurudumu. Inashika propela shafti, nyuma ya gia boksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu, ile gia inayogawa mzunguko kwa magurudumu mawili ya nyuma, inaliacha lile lililo hewani lizunguke, na lori linaweza kuondoka huku handibreki imevutwa hadi mwisho. Ukichomoa hafu shafti, ile fimbo inayotoka kwenye difu hadi gurudumu, ni vivyo hivyo. Zuia magurudumu ya mbele kwa vigingi vya mbao, mbele na nyuma ya tairi, kisha uweke stendi za chuma chini ya ekseli. Na usipulize vumbi la breki kwa kompresa: lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lowesha vumbi, ufute kwa kitambaa, ukitupe.

Sasa fungua kushoto na kulia kwa pamoja, hata kama dalili iko upande mmoja. Piga picha za kila upande kabla ya kugusa springi yoyote. Kisha soma maandishi.

Kwenye mwili wa silinda ya gurudumu mara nyingi kuna kipimo cha tundu lake, ama kwa inchi kama 7/8 au 1, ama kwa milimita kama 22.22 au 25.40. Safisha kwa brashi ya waya uyaone. Ikiwa yamefutika, toa pistoni upime tundu kwa vanieri. Watu hudharau tofauti hii kwa kuwa machoni ni ndogo, lakini nguvu ya breki hufuata eneo la pistoni, na eneo hukua kwa mraba wa kipenyo. Silinda ya 25.40 husukuma shuu kwa nguvu iliyozidi ile ya 22.22 kwa takriban asilimia 30, kwa presha ileile ya mafuta. Hiyo ndiyo tofauti kati ya lori linalosimama katika mstari wake na lori linalotaka kuingia kwenye mtaro.

Kwenye ukingo wa lainingi, au wa padi ikiwa breki ni za disiki, tafuta herufi mbili zilizochapwa mwishoni mwa namba, kwa mfano EE, FE au FF. Herufi ya kwanza inaonyesha mshiko wa kawaida, ya pili mshiko ikiwa imepata moto. Kwa kigezo cha msuguano, E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Lainingi nyingi zinazovishwa upya mjini hazina maandishi yoyote. Hilo pekee halizifanyi kuwa mbaya, ila huna njia ya kuzilinganisha na za upande wa pili, kwa hiyo magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo yavishwe kutoka kipande kilekile, siku ileile, na fundi yuleyule.

Dramu nayo imeandikwa kipenyo cha juu kinachoruhusiwa, na disiki unene wa chini. Pima zote mbili. Dramu ya kulia iliyokwisha kuskimiwa (kuchongwa ndani kwa mashine) mara kadhaa na ya kushoto iliyonunuliwa mpya haziwezi kufanya kazi sawa hata ukizivisha shuu za pakiti moja.

Ukienda dukani, beba spea ya zamani pamoja na ile ya upande wa pili, na namba ya chasi iliyosomwa kwenye bamba lenyewe, si ile uliyoisikia kwa dereva. Jina la mlangoni halitoshi. Isuzu iliyounganishwa hapa Nairobi na iliyoletwa ikiwa imetumika Japani zinaweza kuitwa jina moja na kuwa na ekseli tofauti. Muuzaji atakuambia, "Chukua hii bosi, inaingia." Ni kweli itaingia. Wewe muulize tundu ni milimita ngapi, na kama hajui, pima mbele yake.

Lori linavuta upande ukikanyaga breki

Hii ndiyo dalili kuu ya spea zisizooana, na ndiyo inayotibiwa vibaya zaidi. Lori likivuta kushoto, fundi wengi hufungua kushoto. Lakini kuvuta kushoto kuna maana mbili: ama kushoto kunashika kupita kiasi, ama kulia hakushiki. Mara nyingi ni ya pili.

Pata jibu kwa joto. Endesha kilomita chache mahali pasipo na msongamano, ukisimama kwa wastani mara kadhaa, kisha ushuke na kulinganisha joto la dramu za mbele. Kipimajoto cha infraredi ni bora. Kama huna, sogeza kiganja karibu na dramu bila kuigusa. Gurudumu la baridi halifanyi kazi. Gurudumu la moto sana linafanya kazi ya mawili, au haliachii.

Kisha angalia ni lini linavuta:

- Likivuta hata bila breki kukanyagwa, na magurudumu yote ya mbele ni ya baridi, anza na upepo wa tairi, alaimenti na kingpini. Huenda breki hazina hatia.
- Likivuta tangu mguso wa kwanza wa pedali, shuku silinda za matundu tofauti, pistoni iliyoganda, au lainingi iliyolowa grisi au mafuta kutoka kwenye sili ya habu.
- Likisimama sawa asubuhi lakini likaanza kuvuta baada ya mteremko, shuku lainingi za aina mbili. Ile herufi ya pili ndiyo inayojitokeza hapa.
- Likivuta upande mmoja unapokanyaga na upande wa pili unapoachia, hosi moja ya mbele imeziba kwa ndani. Mafuta yanachelewa kuingia na yanachelewa kutoka.

Malori ya zamani yenye dramu mbele mara nyingi yana silinda mbili kwa kila gurudumu, ili shuu zote mbili zivutwe na mzunguko wa dramu na kujibana zenyewe lori likienda mbele. Silinda hizo zina upande wake. Ukifunga za kulia kushoto, shuu zinageuka kuwa za kusukumwa nyuma na dramu, na gurudumu hilo linapoteza sehemu kubwa ya mshiko. Kipimo chake ni rahisi: nenda mbele polepole na ukanyage, kisha rudi nyuma kwa mwendo uleule na ukanyage. Lori linaloshika vizuri zaidi likirudi nyuma lina silinda zilizofungwa upande usio wake. Nimeona watu wakivisha lainingi mara mbili kwa kosa hili bila kuligundua, kwa sababu kila kitu humo ndani kilikuwa kipya.

Dawa ya kuvuta ni kununua kwa ekseli, si kwa gurudumu. Silinda mbili, hosi mbili, seti moja ya lainingi. Ikiwa pesa hazitoshi ekseli zote, maliza ya mbele kwanza.

Pedali inazama

Tofautisha mambo matatu kabla ya kushika spana.

Pedali ikiwa chini kwa mkanyago wa kwanza na kupanda kwa wa pili, kuna nafasi kubwa mno kati ya shuu na dramu, au kuna hewa. Kwenye breki zilizochanganywa, anza na dramu iliyoskimiwa kupita kiasi na kufungiwa shuu za kawaida. Duara la dramu limekuwa kubwa kuliko la shuu, kwa hiyo lainingi inagusa katikati tu. Utaiona: katikati inang'aa, ncha zote mbili bado zina rangi ya dukani. Kama dramu haijapita kipimo chake, fundi wa lainingi anaweza kuvisha nene zaidi na kuzichonga zifuate duara. Ikiwa imepita, ni skrapu.

Kuna pia zile ajasta za nyota zinazojikaza zenyewe. Nyuzi za kushoto na za kulia huelekea pande tofauti. Zikibadilishwa upande, kila mara utaratibu unapotaka kukaza shuu, unazilegeza. Dalili yake ni ya kipekee: unarekebisha breki leo, pedali inakuwa juu, halafu inashuka siku hadi siku bila tone la mafuta kupotea.

Pedali ikishuka polepole huku umeishikilia kwa mguu, mafuta yanavuja nje au yanapita ndani ya masta. Hapo mambo ya kuoana hayahusiki sana, ni sili.

Pedali ikiwa kama sponji hata baada ya kutoa hewa tena na tena, na lori lina disiki mbele, angalia nipo, ile skrubu ya kutolea hewa, iko wapi kwenye kalipa inayobana padi. Inapaswa kuwa juu. Kalipa zilizobadilishana pande hukaa na nipo chini, na hewa iliyoko juu haitoki kamwe, hata ukimaliza chupa nzima ya mafuta. Zibadilishe pande, utoe hewa mara moja, umemaliza.

Mwisho, masta yenyewe. Masta ya tundu dogo kuliko inayotakiwa hutoa presha nyingi lakini mafuta machache, kwa hiyo pedali inakuwa ndefu na laini. Yenye tundu kubwa hufanya kinyume: pedali fupi, ngumu, na lori halitaki kusimama. Hili hutokea sana pale mtu alipopandikiza ekseli ya mbele ya disiki kwenye lori lililozaliwa na dramu na kuacha masta ya zamani. Baadhi ya masta za dramu zina valvu inayobakiza presha kidogo kwenye bomba. Presha hiyo haidhuru dramu, lakini huzifanya padi za disiki zisugue siku nzima.

Pedali ngumu, lori halisimami

Pima busta, ile inayoongezea mguu wako nguvu kwa vakyumu (mfyonzo wa hewa), kabla ya kulaumu lainingi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, uishikilie, kisha uwashe. Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, hakuna vakyumu au busta imetoboka ndani. Kwenye dizeli vakyumu hutoka kwenye pampu, mara nyingi iliyofungwa nyuma ya altaneta. Altaneta ya mtumba isiyo na pampu sahihi itachaji betri vizuri kabisa na kukunyima breki.

Kuna jambo la Nairobi ambalo wanunuzi wa malori kutoka Mombasa hulisahau. Busta hufanya kazi kwa tofauti kati ya vakyumu ndani na hewa nje. Mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, ambapo shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la pwani. Busta iliyodhoofika au ndogo kuliko inayotakiwa inaweza kuonekana sawa Changamwe, kisha ikaonyesha udhaifu wake Uthiru, na zaidi Limuru. Ukilinunua pwani, usiridhike na majaribio ya huko.

Busta ikiwa nzima, rudi kwenye vipimo: masta kubwa mno, silinda za magurudumu ndogo mno, au lainingi zilizong'aa kama kioo kwa joto. Lainingi iliyong'aa kidogo inaweza kusuguliwa kwa msasa. Iliyopasuka nyufa au kuchomeka hadi ndani haitibiki.

Breki haziachii

Inua gurudumu linaloganda na ulizungushe kwa mkono. Likikataa, fungua nipo yake robo mzunguko. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, kuna presha iliyofungiwa. Funga nipo, kanyaga na kuachia pedali ili ligande tena, kisha ulegeze bomba kwenye masta. Likiachia hapo, tatizo liko kwa masta au busta. Likiendelea kuganda, ni hosi au bomba la njiani. Na kama kufungua nipo hakukusaidia kitu tangu mwanzo, ni chuma: pistoni iliyoganda, springi dhaifu za kurudisha shuu, au shuu za modeli nyingine zinazokwama kwenye bamba.

Ikiwa magurudumu yote yanaganda na hali inazidi kadiri breki zinavyopata moto, na busta au masta imebadilishwa hivi karibuni, shuku fimbo iliyo kati yao. Fimbo ndefu kuliko inavyotakiwa huzuia pistoni ya masta kurudi hadi mwisho, kwa hiyo tundu la kurudishia mafuta halifunguki. Legeza nati za masta milimita mbili tu. Magurudumu yakiachia, umepata. Rekebisha urefu wa fimbo. Kuna fundi huziba pengo linalobaki kati ya masta na busta kwa washa za chuma na kuliacha hivyo. Ukikuta washa hapo, ziondoe.

Kisha mafuta. DOT 3 na DOT 4 ni jamii moja na zinaweza kukutana bila maafa, ingawa DOT 4 huvumilia joto zaidi: ikiwa mpya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi joto 230 za Selsiasi, dhidi ya 205 za DOT 3. DOT 5 ya silikoni ni jamii nyingine, usiichanganye nazo. Adui mkubwa, hata hivyo, ni mafuta ya injini, ya gia au ya stearingi yaliyotiwa humo na mtu aliyekwama usiku barabarani. Raba za breki hufura zikikutana nayo. Fungua kifuniko cha kopo la mafuta ya breki: raba yake ikiwa imefura na kujikunja hata hairudi mahali pake, zile usizoziona ziko vivyo hivyo. Kutoa hewa na kujaza mafuta mapya hakutoshi. Ni kubadilisha kila raba, kuanzia masta hadi hosi na silinda zote, na kuosha mabomba. Ni gharama, na hakuna njia ya mkato niijuayo.

Mbele kunaungua, nyuma hakufanyi kazi

Malori yanayobeba mawe ya Ndarugo au mchanga huongezewa majani ya springi nyuma. Ikiwa lako lina ile valvu ya mzigo yenye mkono uliounganishwa na ekseli ya nyuma, jua kwamba inapima mzigo kwa kuangalia jinsi chasi inavyoshuka. Springi zikiwa ngumu kuliko za kiwanda, chasi haishuki, na valvu inaamini lori ni tupu. Inapunguza presha ya nyuma wakati ule ule unapoihitaji. Mbele kunabeba kazi yote, kunachemka kwenye mteremko wa Mai Mahiu, na dereva analaumu lainingi.

Wengine huiondoa valvu na kuunganisha bomba moja kwa moja. Hapo unapata kinyume: lori tupu kwenye lami ya mvua, nyuma inajifunga na kuteleza. Virekebishe vyote kwa pamoja, yaani springi ziwe kama za kiwanda au mkono wa valvu upimwe upya kwa geji za presha. Mimi ningeanza kwa kuondoa majani ya ziada, lakini najua wenye malori hawapendi kusikia hivyo.

Mabomba, na neno fupi la hewa

Nati za mabomba ya Kijapani kwa kawaida ni M10 (kipenyo cha milimita 10) yenye nyuzi zilizoachana milimita 1. Nati ya inchi 3/8 yenye nyuzi 24 kwa inchi itaingia humo na kuonekana imekaza, huku imelegea. Ncha ya bomba pia hutofautiana: ya Kijapani imekunjwa mara mbili, ya magari mengi ya Ulaya ina umbo la kibonge. Hazizibani. Na bomba laini la shaba la friji halifai kwa breki, hata likikunjwa vizuri namna gani.

Kwenye malori yenye breki za hewa pekee, linganisha namba za chemba, zile zinazogeuza presha ya hewa kuwa nguvu ya breki: 24 na 30 ni ukubwa wa eneo kwa inchi za mraba, kwa hiyo kuziweka kwenye ekseli moja ni kurudia kosa la silinda. Urefu wa mikono ya slaki ajasta, ile inayosukumwa na chemba, nao uwe mmoja. Chemba yenye springi ya handibreki usiifungue mwenyewe. Springi iliyo ndani inaweza kuua.

Baada ya kufunga

Jaribu likiwa tupu kwanza, mahali pa wazi, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, mikono ikiwa imeshika usukani kwa wepesi ili ujue linakoelekea. Lainingi mpya zahitaji kusimama kwa upole mara nyingi, na kupoa katikati, kabla ya kuziamini. Kisha lipakie nusu mzigo, ulinganishe joto kama mwanzo. Ukipata kituo chenye mashine ya rola inayopima kila gurudumu kivyake, lipitishe hapo kabla ya kulipeleka kwenye ukaguzi wa serikali wa magari, Likoni Road, uombe namba za kushoto na kulia za kila ekseli, na uziandike kwenye daftari la lori pamoja na vipimo vya silinda ulivyovisoma. Mwenye kulinunua lori hilo kutoka kwako atakuja kuvihitaji.